Sinema ya Kipa Aliyerudi Uwanjani

Sinema nilikuwa nazisikia tu, sizioni. Nilikaanga mihogo nyuma ya banda la video hapa Itigi, upande ambao ukuta wake ni mabati na magunia, na kila kilichosemwa ndani kilinifikia pale penye karai. Nilijua milio ya bunduki na vilio vya wanawake wa Kihindi, lakini sura zao sikuzijua. Kuingia ndani niliona aibu kwa sababu banda lilijaa wanaume, na mimi hata mteja akinisalimia nilimjibu nikiangalia mafuta.

Nyingi zilikuja zimeshatiwa Kiswahili huko mijini. Chache zilikuja bila, na hizo alizitafsiri dijei wetu mwenyewe, amekalia kreti la soda karibu na televisheni, kipaza sauti mkononi. Watu walizipenda hizo kuliko zote. Jambazi akikimbia, dijei alisema, "Huyo anaelekea Mandewa, Singida mjini, na nauli hana." Banda lote lilicheka, na mimi nilicheka peke yangu huku nje.

Mojawapo ilikuwa ya mpira. Jina lake halisi silijui, sisi tuliiita sinema ya kipa. Kipa wa nchi moja ya baridi anagonga kichwa kwenye mwamba wa goli siku ya fainali, anazimia, anabebwa. Daktari anamwangalia. Kisha anafungwa bandeji, anarudi uwanjani kipindi cha pili, anadaka penati ya mwisho, wenzake wanambeba juu. Mwanzoni yalitokea maandishi, na dijei aliyasoma kwa sauti nzito: "Hii ni hadithi ya kweli. Hakuna kilichoongezwa." Pale kwa daktari alisema, "Daktari anasema, kapumzike kidogo, cheza na bandeji." Ilifika mahali watu wote ndani wakawa wanayasema maneno hayo pamoja naye.

Kaka yangu alikuwa miongoni mwao. Kaka yangu pia ni kipa.

Kila mwaka baada ya kuvuna alizeti timu za hapa kwetu hushindania dume la ng'ombe. Kwenye nusu fainali kaka alitoka kuufuata mpira wa juu, akapigwa goti la kichwa, akarudi kinyumenyume na kisogo kikagonga chuma cha goli. Mimi sikuwepo. Waliniambia alizimia, wakammwagia maji, akaamka, akataka kuendelea kudaka, wakamtoa kwa nguvu. Timu ilishinda bila yeye. Fainali ingekuwa Jumapili inayofuata.

Walimleta nyumbani wakiimba. Alitembea kwa miguu yake mwenyewe, na mimi nilimshukuru Mungu. Alikaa kwenye kigoda akaniomba maji. Nilipompa kikombe alikiangalia, akaniuliza, "Haya ya nini?"

Asubuhi alitapika chai. Mchana alifunga mlango kwa sababu mwanga ulimuumiza, na yeye si mtu wa kukaa ndani jua likiwaka. Kuku alipoingia uani alisema, "Mfukuze huyo mbuzi." Kisha akacheka, akasema ulimi umeteleza.

"Twende hospitali," nilimwambia.

"Kufanya nini? Nahodha akisikia nimeenda hospitali atampanga yule mtoto wa stesheni adake. Nimesubiri fainali hii tangu sijaota ndevu."

"Lakini unatapika."

"Dogo, umesahau ile sinema? Yule mtu alizimia kama mimi. Mimi nimepata siku saba za kupumzika, yeye hakupata hata saa moja. Na ile ni kweli, siyo mambo ya kutunga."

Mama alikuwa Ihanja akimuuguza bibi. Nilimpigia simu. Kaka aliichukua kutoka mkononi mwangu, akaongea naye kwa Kinyaturu, kwa sauti nzuri yenye utani, akamwambia ni malaria na ameshakunywa dawa. Nilisimama pale naisikia sauti ya mama ikitulia. Niliporudishiwa simu, mama alisema, "Mpikie uji, usimsumbue." Nikasema, "Ndiyo, mama." Kaka alikuwa ananiangalia.

Baada ya hapo nilianza kuogopa kwa namna ambayo sikuijua. Alilala sana mchana. Nikiwa uani namenya mihogo nilikuwa nasikiliza kama anapumua, na nikikosa kusikia niligonga sufuria makusudi ili akasirike. Akisema, "Wewe, punguza kelele," nilirudi kumenya. Mara moja niligonga, nikagonga tena, hakusema kitu. Niliingia ndani nikamkuta macho wazi anaangalia dari.

"Mbona hujibu?"

"Nilikuwa nalitafuta neno," alisema.

Katikati ya wiki waliirudia sinema ya kipa. Nilikuwa kwenye karai langu kama kawaida. Walipofika kwa daktari niliacha kugeuza mihogo, nikasogea hadi kwenye gunia. Kwa mara ya kwanza nilimsikiliza daktari mwenyewe, chini ya sauti ya dijei. Kiingereza sikijui, niliishia la saba. Lakini nilisikia kwamba alikuwa anaongea maneno mengi. Aliongea, akasimama, akaendelea polepole, kama mtu aliyetumwa kupeleka habari ya msiba. Halafu dijei na banda zima wakasema, "Kapumzike kidogo, cheza na bandeji," wakapiga makofi, na daktari wa watu alikuwa bado anaongea.

Niliporudi, mihogo ilikuwa imeungua yote, nikaanza kukaanga mingine.

Dijei alikuja kununua mihogo baada ya onyesho. Nilimfungia kwenye gazeti nikiangalia mafuta. Alikuwa ameshageuka kuondoka.

"Kaka, naomba kuuliza."

"Kumbe unaongea. Leo mvua itanyesha."

"Yule daktari wa kwenye sinema ya kipa. Anasema nini?"

"Si nimesema? Kapumzike, cheza na bandeji."

"Yeye anaongea sana. Wewe umesema kidogo."

Aliacha kutafuna. "Umemsikia wapi?"

"Hapa hapa."

Alicheka, lakini si kicheko cha kwenye kipaza sauti. "Sikiliza, dada mihogo. Siku ya kwanza umeme ulikuwa unakatika kila saa. Uliporudi daktari alikuwa ameshafika katikati, nikabuni. Kesho yake nikataka kutafsiri sawasawa, watu wakanitangulia, wakasema wenyewe lile la jana. Nikaliacha."

"Kwa hiyo hujui anachosema."

"Kwani kuna nini?"

Nikamweleza. Nilieleza vibaya, nikianzia mwisho, kuku na mbuzi, kikombe cha maji. Alinisikiliza mpaka mafuta ya mihogo yakapenya gazeti yakamlowesha vidole. Kisha akasema nije kesho mchana kabla watu hawajaingia.

Ndiyo siku niliyoingia bandani mara ya kwanza. Palikuwa na mabenchi, giza, na harufu ya jasho la jana. Aliipeleka sinema mbele mpaka kwa daktari, akaizuia, akairudisha, akasikiliza, akairudisha tena. Nilimwona daktari kumbe ni mzee mwenye miwani. Kipa alikuwa kijana mzuri wa sura, amekalia meza, anatazama chini.

"Anasema ubongo umetikisika," dijei alisema. "Anasema unavuja ndani. Sijui hilo neno vizuri, lakini ni kuvuja. Anasema akigongwa tena, hata kidogo, anaweza asiamke. Kipa anamwomba asimwambie kocha."

Nilikaa kwenye benchi.

Aliipeleka mbele hadi mwisho, pale wanapombeba kipa juu. "Hapa ndipo mimi huchomoa flash," alisema. "Watu wa onyesho linalofuata wanakuwa wameshajaa mlangoni." Safari hii hakuchomoa. Kioo kikawa cheusi. Yakaja maandishi meupe, yakakaa muda, yakaondoka, yakaja mengine. Mwisho ikaja picha. Ilikuwa picha ya kawaida ya familia, imefifia rangi. Mwanaume mwembamba amekaa kwenye kiti, shingo imelalia bega, na mwanamke mzee ameinama mbele yake na kijiko.

"Huyu ni nani?" niliuliza.

"Ndiye. Kipa mwenyewe. Yule mwingine ni mwigizaji." Alirudisha maandishi, akayasoma moja moja kwa Kiingereza chake cha kidato cha nne, akikwama na kuanza upya. Yalisema kipa yule kweli alirudi uwanjani. Timu yake ilifungwa. Hakuukumbuka tena mchezo ule. Aliishi miaka michache akilishwa na mama yake, kisha akafa.

"Si alidaka penati?"

"Hakudaka."

"Sasa kwa nini wameonyesha amedaka, na wamesema ni hadithi ya kweli?"

Alirudi mwanzo kabisa akanionyesha. "Hawakusema ni hadithi ya kweli, ni mimi nilisema. Wao wameandika imetokana na hadithi ya kweli. Asali inatokana na maua, lakini ukilamba asali hujalamba ua. Na hapa Itigi unajua mwenyewe, kuna wanaoongeza sukari." Kisha akachomoa flash. "Na mimi nikaongeza ya kwangu."

Alisema atamweleza kaka mwenyewe. Nilifurahi, nikajua limekwisha. Nilisahau kwamba dijei ni mtani wetu. Anatoka kwenye kabila linalotaniana na letu tangu enzi za mababu. Mtani anaweza kukuambia unanuka maiti ukacheka. Akifa mtu wa kwenu, mtani anakuja kulala kwenye jeneza lake, anadai apewe mbuzi ndipo anyanyuke, na hakuna anayekasirika. Tangu utotoni tumefundishwa kwamba mtani akitaja kifo chako hasemi kweli.

Alikuja nyumbani jioni ile. Kaka alikuwa ameegemea ukuta, kofia imeshuka machoni.

"Mtani," dijei alisema, "ukidaka Jumapili utakufa."

Kaka akacheka mpaka akashika kichwa kwa maumivu. "Umeshaanza kuutamani ubwabwa wa msiba."

"Sitanii. Nimemsikiliza yule daktari vizuri. Yule kipa alikufa."

"Na wewe ulimzika? Ulipewa mbuzi wangapi?"

"Mtani, nisikilize."

"Nakusikiliza. Nikifa usinilalie kwenye jeneza, unanuka sigara."

Dijei alinigeukia mimi. Kadiri alivyokaza uso, kaka alizidi kucheka, kwa sababu mtani hodari ndivyo anavyofanya, anatania bila kutabasamu. Nilimsindikiza hadi njiani. Alisema, "Mimi huyu hataniamini hata nikilia."

Nilifikiri sana kabla ya kusema. "Kwenye kipaza sauti wanakuamini."

Alisimama. Alijua ninachomaanisha. Jumamosi timu nzima ingekuja bandani, nahodha alikuwa ameshaongea na mwenye banda wawekewe sinema ya kipa ili wapate moyo wa kucheza fainali. Dijei alisema mwenye banda atamfukuza. Alisema watu hawatoi hela yao kuja kuona mtu analishwa kwa kijiko. Kisha akasema, "Akifa, mimi ndiye nitaitwa kuja kuchekesha watu pale kwenu. Siiwezi kazi hiyo."

Jumamosi sikukaanga. Niliingia na watu, nikasimama nyuma karibu na mlango. Kaka alikuwa benchi la mbele na nahodha, wamevaa jezi. Kila aliyepita alimpiga kaka begani, na kila alipopigwa mimi nilifumba macho.

Dijei alianza kwa kusoma, "Imetokana na hadithi ya kweli." Wachache waligeuka. Mpira ulipoanza alichekesha kama siku zote, watu wakasahau. Kipa akagonga mwamba. Daktari akafungua mdomo, na banda zima likasema kwa pamoja, "Kapumzike kidogo, cheza na bandeji."

"Hasemi hivyo," dijei alisema kwenye kipaza sauti. "Anasema ubongo unavuja. Akigongwa tena anaweza asiamke. Kipa anamwomba asiseme kwa kocha."

"Dijei, umelewa?" mmoja aliuliza. "Juzi hukusema hivyo."

"Juzi nilidanganya."

Zilitoka kelele na miluzi. Mtu mmoja alitaka arudishiwe kiingilio. Dijei aliendelea kutafsiri kwa sauti kavu, neno kwa neno, bila Mandewa, bila nauli. Kipa alipobebwa juu watu walianza kuinuka, akawaambia wakae. Kioo kikawa cheusi. Alisoma yale maandishi. Nadhani hata hapo wengi waliona ni vituko vyake tu. Ilipokuja picha ndipo banda likanyamaza. Picha haikuhitaji mtu wa kuitafsiri.

Nilikuwa namwangalia kaka kisogoni. Hakutikisika.

Tulitoka nje kwenye mwanga. Nahodha alitembea upande mmoja wa kaka, mimi upande mwingine, hatua moja nyuma. Nahodha ni mkubwa kwetu kidogo, fundi baiskeli, si mwongeaji.

"Wiki hii ulitapika?" nahodha aliuliza.

"Nani kasema? Sijatapika."

Nilitaka kusema, sauti haikutoka. Tulifika kwenye reli, tukasubiri mtu na punda wake wapite.

"Yule kwenye picha ni nani?" kaka aliuliza.

"Ndiye kipa mwenyewe," nahodha alimjibu. "Si umesikia?"

"Ahaa."

Tulivuka. Hatukuwa tumefika hata kwenye duka la kwanza.

"Hivi yule kwenye picha, yule wa kwenye kiti, ni nani?"

Nahodha alisimama. Alinitazama mimi, siyo kaka. Hapo sauti yangu ikatoka. Nilisema yote pale barabarani, kwa nguvu, mpaka watu wakageuka. Kaka alinishika mkono akaniambia kwa hasira ninyamaze, nisimharibie. Nahodha akasema, "Kesho hudaki. Tunaenda hospitali sasa hivi." Kaka akaanza kulia, machozi ya mtu mzima, akisema amesubiri miaka yote hii. Katikati ya kulia akajifuta uso kwa jezi, akauliza tena picha ile ilikuwa ya nani.

Nahodha alikataa pikipiki kwa sababu inarusha. Alitafuta gari. Hospitalini walimwangalia macho kwa tochi, wakasema aende Singida akapigwe picha ya kichwa, na jioni ile ile tulikuwa njiani. Nesi aliniambia nimwongeleshe, nisimwache alale. Mimi, ambaye nilishindwa hata kumsalimia mteja, niliongea tangu tulipotoka Itigi. Nilimwambia habari za mihogo, habari za mama, majina ya kuku wetu wote tangu tukiwa wadogo. Pori lilipita pande zote mbili. Mwanzo alinijibu, baadaye alinijibu kwa kuguna. Ilifika mahali haguni, namwita, na nahodha kiti cha mbele anamwambia dereva aongeze mwendo, kisha anamwambia apunguze, barabara mbaya.

Walimtoa damu kichwani. Amepona, kama wanavyosema. Maneno mengine hayajarudi, na juani hakai sana.

Ile wiki haikumbuki hata kidogo, kwa hiyo anasimuliwa na watu. Hapa Itigi wanasimulia kwamba aliangalia sinema, akainuka mwenyewe, akavua jezi mbele ya timu nzima akampa nahodha, akasema uhai kwanza. Dijei akiwepo husema, "Haikuwa hivyo," nao humjibu, "Kaa chini, mtani." Kaka anaipenda hadithi hiyo. Nikimwambia alilia, alinishika mkono ninyamaze, aliuliza swali lile lile mara kwa mara, anasema mimi ni mwoga tangu zamani na naongeza chumvi. Anasema mtu aliyekuwa na akili za kuvua jezi mwenyewe, kichwa chake hakikuwa kibaya kiasi hicho.

Ndiyo maana naandika, ingawa kuandika kwangu ni kwa polepole. Alizeti ya mwaka huu imeshavunwa, na mashindano ya dume la ng'ombe yamekaribia. Jana nilitoka kwenda uani nikakuta amefua glavu zake, ameanika kwenye kamba, na maji yalikuwa bado yanadondoka.